Mashine Ikumbuke, Mtu Aandike

“Nimekuwa nikifuatilia kazi zenu kwa muda mrefu na nimevutiwa mno.” Ukipokea barua pepe ya mtu usiyemjua inayoanza hivyo, karibu kila mara hakuna aliyefuatilia chochote. Programu imechota jina lako kwenye orodha, ikalipachika kwenye kiolezo, ikatuma, ikahamia kwa anayefuata. Mimi nipo kwenye kazi ya mauzo na programu hizo nazitumia kila siku, kwa hiyo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na sentensi yenyewe. Ni uongo, na aliyeutuma ameutuma kwa watu elfu mbili kwa mpigo mmoja akiamini hakuna atakayejali.

Mjadala wa kutafuta wateja kwa mashine huendeshwa kwa vipimo: mashine ifanye asilimia ngapi, mtu abakiwe na ngapi. Naona hapo tunapima kitu kisicho chenyewe. Mashine inaweza kufanya sehemu kubwa sana ya kazi bila kumvunjia mtu heshima. Kutafuta kampuni, kuhakiki anwani, kupanga ratiba, kutunza kumbukumbu, kupiga hesabu: mteja hajali hayo yamefanywa na nani. Anachojali ni kama anayedai kumfahamu anamfahamu kweli. Kumwambia mtu “nimekuona, na nina sababu ya kukuandikia wewe” ni kazi ya yule aliyemwona.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa karibu watu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Anwani zilikuwa nyingi hata hazikuenea mahali pake, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Malalamiko yalikuja upesi na wasimamizi wa mtandao wakakemea. Lakini Thuerk alisema baadaye kwamba tangazo hilo lilileta mauzo ya mamilioni ya dola. Hasira zilimfikia na pesa zikamfikia, na ndiyo sababu mtindo huo haujafa mpaka leo. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walitumia programu ndogo kumwaga tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya green card, yaani kibali cha kuishi Marekani, katika maelfu ya makundi ya Usenet, mtandao wa zamani wa vikundi vya mijadala, mengi yakiwa hayahusiani kabisa na uhamiaji.

Kilichobadilika tangu enzi za muuzaji wa kubisha hodi ni gharama. Muuzaji yule alilipia nauli, stempu au dakika za simu, na gharama hiyo ilimlazimisha achague. Ukiona amekufikia, ulijua amekuteua miongoni mwa wengi, na hilo peke yake lilikuwa na heshima ndani yake hata kama hukununua. Barua pepe ilimpunguzia mtumaji gharama ikambebesha mpokeaji, ambaye sasa ndiye analipa kwa muda wake wa kufungua, kusoma na kufuta. Kwa hiyo ninaposema utu katika mauzo simaanishi maneno matamu wala kumtaja mtu kwa jina lake la kwanza. Namaanisha uteuzi: kuna mtu aliyekaa akaamua huyu aandikiwe na yule aachwe?

Chukua mfano wa kampuni inayouza programu ya kusimamia stoo. Barua ya kwanza ni ile tunayoijua sote: salamu yenye jina, pongezi kwa “mafanikio makubwa” yasiyotajwa, aya mbili za sifa za programu, kisha kiungo cha kuchagua muda wa mazungumzo ya dakika kumi na tano. Jina la kampuni limeandikwa kwa kirefu kama lilivyo kwenye usajili, namna ambayo hata wafanyakazi wake hawalitamki. Hapo tu msomaji ameshajua.

Barua ya pili ni hii: “Ndugu, habari za kazi. Nimeona tangazo lenu la kuajiri watunza stoo wa matawi mawili mapya. Mmetaka mtu wa kujumlisha hesabu za matawi yote kila Ijumaa kwa Excel. Sisi tunauza programu inayofanya jumla hiyo yenyewe. Je, kazi hiyo bado mnaifanya kwa mkono, au mmeshapata mfumo? Kama mmeshapata, naomba unijulishe ili nisikusumbue tena.”

Barua hii nayo ina mashine ndani yake. Ni mashine iliyopitia matangazo ya kazi usiku kucha na kumpa muuzaji majina machache asubuhi. Ni mashine iliyohakiki kwamba anwani inafanya kazi na kwamba hakuna mwenzake ofisini aliyekwisha kuwaandikia. Muuzaji alifanya jambo moja tu: alilisoma tangazo mpaka mwisho, akaona neno “Ijumaa”, akaelewa maana yake kwa mtu anayebaki ofisini siku hiyo wenzake wakiondoka. Hakusifu chochote. Aliuliza swali moja linalojibika kwa mstari mmoja, tena akampa mtu mlango wa kukataa bila aibu.

Sasa najua nitakachoambiwa. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, akili mnemba inaweza kulisoma tangazo hilo, kuiona hiyo Ijumaa na kuandika barua ya pili neno kwa neno, kwa kampuni elfu moja kwa siku. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba rasimu inaweza kutoka kwa mashine, lakini barua lazima iwe na mwenyewe. Mpokeaji akipiga simu dakika tano baadaye na kuuliza “umeona nini kwetu?”, aliyetia jina lake chini ya barua awe na jibu bila kwenda kuichungulia barua “yake”. Asiye na jibu amempa mtu picha ya kujaliwa, na kujaliwa kwenyewe hakukuwepo.

Watu huamini picha hiyo kirahisi sana, na hapo ndipo wajibu wetu unapokuwa mkubwa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT cha Marekani, alichapisha habari za ELIZA, programu iliyogeuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi na kujua fika kwamba ni programu, alianza kuzungumza nayo kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Jambo hilo lilimsumbua Weizenbaum hata akaja kuwa mkosoaji mkubwa wa matumizi ya kompyuta katika mambo yanayohitaji moyo wa mtu. Kama sentensi chache za programu ile ya kale ziliweza kumfungua mtu kiasi hicho, barua nzuri ya leo itaweza zaidi. Kuitumia nguvu hiyo kumpata mtu akubali mkutano wa mauzo, huku hakuna aliyemfikiria hata sekunde moja, naona ni dhuluma.

Tena mashine hukosea mahali ambapo mtu asingekosea. Inaona kampuni imetajwa kwenye habari, inaandika “hongera kwa hatua hii mpya”, kumbe habari yenyewe ni ya kupunguza wafanyakazi. Kipimo ninachokitetea ni kidogo na kinabana: idadi ya barua kwa siku isizidi zile ambazo muuzaji ameweza kuzisoma zote kabla hazijaondoka. Wakuu wa vitengo hawakipendi, kwa sababu ripoti ya barua mia tano inapendeza kuliko ya barua ishirini. Lakini wao ndio waliofundisha wauzaji kuhesabu zilizotumwa badala ya kuhesabu zilizojibiwa, na majibu ya “hapana, asante” yahesabiwe pia, maana yametoka kwa mtu aliyeona anastahili kukujibu.

Wasiojali heshima wajali basi njia yao ya kupitishia barua. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimebana watumaji wa barua nyingi. Kwa Gmail, anayetuma kuanzia 5,000 kwa siku lazima athibitishe utambulisho wake kwa SPF, DKIM na DMARC, njia tatu za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma, aweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hao ni watu watatu tu kati ya elfu moja. Ukivuka hapo, barua zinazoanza kutupwa kwenye taka si za mauzo peke yake: ankara za mhasibu na majibu ya huduma kwa wateja, vyote vinavyotoka kwenye domeni ileile, yaani jina lile la kampuni linalofuata alama ya @, vinaweza kuzama pamoja. Na wapo wanaokwepa kwa kununua domeni zinazofanana na ya kampuni, kisha kuzipasha moto kwa programu zinazoandikiana zenyewe kwa zenyewe ili vichujio vidhani kuna mazungumzo. Hiyo ni kughushi uaminifu, na sijui kwa nini tunaifundisha kama mbinu.

Baya kuliko yote kwangu ni ufuatiliaji. Mashine haina haya. Ukiipangia barua saba itatuma saba, hata kama mwenye anwani alishaacha kazi, yuko hospitali, au amefariki na barua inasomwa na mwenzake anayefunga akaunti yake. “Naona umefungua barua yangu lakini hujajibu” ni sentensi ya mtu anayechungulia dirishani, na mara nyingi haina hata ukweli: tangu Septemba 2021, programu ya barua pepe ya Apple inaweza kupakua picha zote za ndani ya barua mtu asome asisome, na kwa kuwa alama ya “imefunguliwa” hutegemea picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua, alama hiyo haithibitishi kitu. Kuweka “RE:” juu ya barua ambayo haijibu chochote ni uongo mwingine wa aina hiyo. Kufuatilia mara mbili kunatosha, kila mara ukiwa na jambo jipya la kusema, na jibu lolote la mtu, hata neno moja, lisimamishe ratiba yote papo hapo mpaka muuzaji alisome mwenyewe.

Upande ambao mashine ingetusaidia sana, sisi hatuitumii vya kutosha, nao ni kumbukumbu. Mteja akisema “nitafute mwezi wa sita, bajeti yetu ikishapita”, muuzaji anaitikia kwa dhati kabisa na kufika Aprili ameshasahau. Mtu akisema asiandikiwe tena, hilo liwekwe mahali ambapo hata muuzaji atakayeajiriwa mwaka kesho hawezi kulipita. Sheria za nchi nyingi zinalitaka hilo: CAN-SPAM, sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua pepe za biashara, inatoa siku kumi za kazi kuliheshimu ombi la mtu kujitoa. Na mteja ambaye malalamiko yake ya kurudishiwa pesa bado yako mezani kwa idara nyingine, mfumo umzuie muuzaji kumwandikia habari za bidhaa mpya hadi malalamiko yaishe. Hakuna mtu anayeweza kuyashika yote hayo kichwani kwa watu mia tatu. Mashine inaweza, na inamfanya muuzaji aonekane mwungwana kwa sababu amekuwa mwungwana kweli.

Mwezi wa sita ukifika, mfumo umletee muuzaji jina lile, maneno yaleyale mteja aliyoyasema, na tarehe aliyoyasema. Usimletee barua iliyokwisha kuandikwa. Ayasome, apige simu, aanze na “uliniambia nikutafute bajeti ikipita, imepita?”