Padri wa Matopeni

Najua nahodha wa mashua yetu ameshawatumia ile sauti yake ya kisa changu cha kuzama matopeni, maana tangu jana napigiwa simu hadi kutoka Mpeketoni nikiulizwa kama ni kweli nilitubu dhambi zote za ujana kwa majina. Uongo mtupu. Nilitaja mbili tu, tena kwa sauti ya chini. Kaeni niwape kisa chenyewe kabla hakijamfikia askofu kwa njia ya nahodha.

Mradi wetu wa kupanda mikoko huku Lamu mnaujua. Marufuku ya kukata miti ya 2018 iliwabana wakataji boriti za mikoko, na kanisani tukaona hakuna haja ya kumhubiria mtu ambaye nyumbani hana kitoweo. Tukaungana na kikundi cha akina mama wa ng'ambo ya kisiwa chetu, upande wa Mokowe. Karibu wote ni Waislamu, na mimi ndiye "Padri" wao ingawa nina mke na watoto. Wao wanajua wapi huota mkoko wenyewe na wapi huota mchu, aina nyingine ya mti wa huko matopeni, na kaa wanajificha wapi. Mimi naandika ripoti na kutafuta hela. Mgawanyo mzuri sana wa kazi, na ungebaki hivyo nisingekuwa naandika haya.

Juzi wakaja wageni wa wafadhili kutoka Nairobi, na mpiga picha wao. Ilikuwa bamvua, zile siku maji hupwa na kujaa kupita kawaida, na saa hiyo yamekupwa kabisa. Akina mama wamevua viatu, wamejifunga leso viunoni, wanachomeka zile mbegu ndefu za mkoko matopeni huku wakisutana na kucheka. Mimi nimevaa shati jeupe, kola shingoni, na gambuti mpya zinazong'aa.

Bi Mwenyekiti akanitazama miguu. "Padri, vua hizo."

Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Taita, matope nimezaliwa nayo. (Wataita wenzangu, poleni, nimewaingiza.)

Mpiga picha akasema, "Mchungaji, sogea kushoto kidogo, huko kuna mwanga mzuri." Jamani, ule mwanga!

Nilikuwa ndiyo kwanza nawaeleza wageni kwamba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mguu wa kushoto ukaingia hadi kifundoni. Nikatabasamu, maana kamera ilikuwa inanitazama. Ukaingia hadi katikati ya muundi. Nikazidi kutabasamu. Nikatanguliza wa kulia ili niuchomoe wa kushoto, na hesabu hiyo walionifundisha uchungaji hawakuigusa: unapouegemea wa kulia, nao unakwenda. Goti. Paja. Matope ya mikoko hayana haraka. Yanakushika, yanatoa kipovu kimoja, harufu ya yai viza inakupanda puani, halafu yanakumeza kidogo tena. Na mkononi bado nimeishika ile mbegu, wima, kama mshumaa wa Pasaka.

"Hapo hapo, usisogee," akasema mpiga picha.

Niende wapi, ndugu yangu?

Ndani ya gambuti la kulia nikagundua sipo peke yangu. Sikumwona mwenzangu, lakini magando alikuwa nayo yote mawili.

"Lala!" akapaza sauti Bi Mwenyekiti. "Padri, lala chali, usitapetape!" Na wa pwani wote wanajua ndivyo inavyofanywa: unalala, uzito unatawanyika, matope yanakuachia miguu taratibu. Lakini lile shati ndilo la Jumapili, na Jumapili ilikuwa kesho yake. Nikabaki nimesimama kishujaa, nusu mtu. Wageni wakadhani ni sehemu ya mafunzo. Mmoja alikuwa anaandika.

"Padri, mai hayo!"

Ninyi wa bara niwaeleze. Siku za bamvua maji ya huku hupanda kama mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa, na kwenye tope tambarare hayaji na wimbi wala kelele. Yananyata. Niliona utando mwembamba wenye povu ukizizunguka mbegu tulizopanda, moja baada ya nyingine, bila wasiwasi, ukinijia mimi. Ukanifikia kiunoni. Ukanilamba kitovu.

Nikalala, shati na kola.

Hapo ndipo zilipotajwa zile dhambi mbili.

Vijana wakaja na ubao wa mashua, wakautandaza, wakanishika makwapani. "Harambee!" Gambuti zikakataa. "Harambee!" Suruali nayo ikaona ibaki na gambuti. Nikatoka. Akina mama, Mungu awabariki, waligeuka wote kwa pamoja wakaanza kutazama kisiwa cha Manda. Mgeni mmoja hakugeuka. Nahodha alikuwa na kikoi, lakini alikuwa amekivaa na hakuonyesha nia yoyote ya kukivua. Bi Mwenyekiti akaja kinyumenyume, akanirushia leso yake.

Yaliyobaki ni mafupi. Tukavuka, nikashuka gatini Lamu mbele ya watu na punda wao, mzee wa kanisa akajifanya anasoma ubao wa nauli, mke wangu akacheka mpaka akaketi chini. Kaa amebaki na gambuti zangu. Wafadhili wameipenda kazi, na picha waliyoichagua kwa jalada la ripoti si ya mikoko. Ni mimi ndani ya leso, na maandishi ya leso yanasomeka vizuri kabisa: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Nimeifua, nimeipiga pasi, nimemrudishia mwenyewe. Bi Mwenyekiti akakataa kuipokea, akasema bamvua zijazo ni nyingi. Halafu akanipa habari kwamba kikundi kimekaa kikao bila mimi na kunipangia kazi mpya: kujaza udongo kwenye viriba vya kitaluni. Stuli wameshaninunulia.