Zawadi ya mtumba kwa mtoto: hasara iko wapi?

Kila ikifika Novemba swali hili hurudi, kwenye magrupu ya ukoo na kwenye mabenchi ya saluni: je, ni sawa mtoto kupewa kitu cha mtumba Krismasi? Wanaokataa wana sauti. Wanasema mtumba ni wa siku za kawaida, sikukuu ina heshima yake, na mzazi anayempa mwanawe gari lililokwisha kuchezewa na mtoto mwingine huko Ulaya ni bahili anayesingizia ugumu wa maisha. Wanaonunua mtumba hununua kimya kimya, huosha usiku watoto wakiwa wamelala, hufunga kwenye karatasi ya maua, basi. Ndiyo maana hoja yao haijulikani vizuri, na wengi wamebaki kudhani kwamba nyuma yake hakuna kitu zaidi ya mfuko mtupu.

Upande wa kipya una nguvu zake, hasa kwenye nguo. Gauni la sikukuu huvaliwa kanisani asubuhi ya tarehe 25, kisha hupitishwa kwa majirani kwenye pilau, na wenzake mtoto humkagua kuanzia viatu kwenda juu. Wa miaka minne hajali. Wa miaka tisa anajua kila kitu. Tena nguo mpya si lazima iwe ghali. Kitenge cha yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, kinatosha magauni matatu ya watoto wa miaka sita au saba yasiyo na marinda mengi. Kilowekwe kwanza na kukaushwa kabla ya kukatwa, kisije kikaruka baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Fundi aambiwe waziwazi aache pindo la sentimita 6 au 7 chini na akiba ya sentimita 2 na nusu ubavuni. Mwakani pindo linashushwa, ubavu unaachiwa, na gauni linaona Krismasi ya pili. Lakini kazi hiyo ipelekwe mwanzoni mwa Novemba. Katikati ya Desemba fundi amepokea kazi kuliko mikono yake, anashona usiku, na pindo uliloomba linarudi sentimita moja.

Kwa hiyo kwenye nguo wanaodai kipya wana lao. Kwenye vitu vya kuchezea, hoja yao inapwaya.

Tazama kinacholinganishwa hasa. Mwenye bajeti ndogo akienda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, hakutani na vitu vipya vya maana. Anakutana na gari la rimoti ndani ya boksi lenye kidirisha cha nailoni, plastiki nyembamba inayobonyea kwa kidole, giya za plastiki zinazong'oka meno siku gari likigonga mguu wa meza. Na muuzaji hataki ulifungue: ukifungua umenunua.

Halafu kuna betri, na hapa ndipo wanaojisifu kununua kipya hawapigi hesabu. Gari la namna hiyo mara nyingi hula betri nne za AA, na rimoti mbili. Betri za bei nafuu, zile za zinki na kaboni, zinafaa saa ya ukutani, kitu kinachonyonya umeme kidogo kidogo. Mota hunyonya kwa pupa, na betri ya aina hiyo ikivutwa kwa pupa hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu zilizomo. Gari linaanza kwenda kwa kujivuta kabla mchana wa Krismasi haujaisha. Tuseme betri moja ni shilingi 500. Za kuanzia, sita, ni 3,000, maana kwenye maboksi mengi hazimo. Tuseme za gari zinabadilishwa mara mbili tu kwa wiki: hiyo ni 4,000, na kwa wiki nne 16,000. Gari lililonunuliwa kwa 20,000 limekaribia kulipiwa mara ya pili kabla Januari haijaisha, na Januari yenyewe ndiyo ile ya madaftari, sare na viatu vya shule, Njaanuari.

Kinachofuata kinajulikana. Mzazi anakataa kununua betri, na gari linapanda juu ya kabati. Au mtoto anajitafutia: anachomoa ya saa ya sebuleni, anaichanganya na tatu zilizochoka. Betri nzima huilazimisha ile iliyokwisha kuendelea kupitisha umeme, nayo huvuja, na majimaji yake hula springi mpaka hazishiki tena. Mota ni nzima, gari limekufa. Ukijumlisha bei, betri na siku lililocheza kweli, hicho kipya ndicho kitu ghali kuliko vyote nyumbani kwa saa moja ya furaha.

Gari la rimoti la mtumba nalo hula betri vilevile, hilo lisifichwe. Faida ya mtumba iko kwingine. Kwenye meza za Karume na Manzese jijini Dar es Salaam, Memorial kule Moshi, au Gikomba kwa wa Nairobi, unaweza kukuta vitu ambavyo kwa bei ya vipya usingevigusa: matofali ya plastiki ya kupachika, treni za mbao, magari ya chuma, baiskeli ndogo za inchi 12 na 16. Vingi havina mota. Na kila kilichofika hapo kikiwa kizima kimeshafanyiwa mtihani na mtoto mmoja angalau, kikafaulu. Zaidi ya yote unaruhusiwa kukishika, kukizungusha na kukifungua.

Anayekwenda kuchagua abebe bisibisi ndogo ya nyota, betri zake na kitambaa. Fungua kifuniko cha betri kabla ya kuuliza bei. Unga mweupe kwenye springi ni betri ya alkalini iliyovuja; unafutika kwa kitambaa chenye siki au ndimu, kisha pakaushwe na kusuguliwa kwa msasa laini. Kutu ya kijani kwenye springi tu bado inasafishika. Ikiwa imeingia ndani ya waya, chini ya gamba la plastiki, rudisha mezani, waya huo umeoza na utakatika ukiugusa. Zungusha magurudumu kwa mkono: ukisikia tik kila baada ya mzunguko, jino la giya halipo. Kwenye baiskeli shika gurudumu lisukume kushoto na kulia. Likicheza, gololi zimekwisha au koni zinazozibana zimelegea, na hilo ni la fundi baiskeli, si la kuachia. Tairi lenye nyufa ubavuni lisikupe moyo hata kama kashata zake, ile mistari ya kukanyagia, ni nzima.

Midoli ya manyoya ndiyo inayowatia watu kinyaa, na wana haki, kwa sababu wengi huiosha vibaya. Maji yawe ya moto, nyuzi 60 hivi, ambayo mkono hauvumilii, ndiyo yanayoua wadudu wa vumbi. Loweka nusu saa na sabuni, ukizamisha kwa mti. Suuza mara tatu. Usikamue kwa kusokota, pamba ya ndani itajikusanya mabonge. Kandamiza ndani ya taulo. Kisha jua, siku mbili, ukigeuza. Nje hukauka mapema na kudanganya. Bonyeza tumbo, likiwa la baridi na zito bado ndani kuna maji, na ukilifunga kwenye karatasi hivyo litatoa harufu ya ukungu kabla ya Mwaka Mpya. Mdoli unaoimba ufumuliwe mgongoni sentimita 5, kisanduku kitolewe kwanza, kirudishwe na kushonewa baadaye.

Hoja nzito kabisa ya wanaopinga ni usalama, na haistahili kupuuzwa. Rangi za vitu vya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilipunguza kiwango cha risasi kwenye rangi hadi sehemu 90 kwa milioni kwa sheria ya 2008, baada ya mamilioni ya midoli kuondolewa sokoni mwaka 2007. Kwa hiyo kitu cha mbao au chuma kinachobanduka rangi kiachwe, kiwe kizuri namna gani. Lakini ndivyo ilivyo hata kwa kipya kisichojulikana kilikotengenezwa. Upya si cheti. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe chochote kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni. Kifuniko cha betri za kitufe, zile bapa kama sarafu, lazima kifungwe kwa skrubu: mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Sumaku ndogo zenye nguvu zisiingie ndani kabisa, kwa sababu mbili zikimezwa huvutana na kubana utumbo katikati.

Viatu vya mtumba navyo vina mtego wake. Soli nyepesi za povu hupasuka zenyewe kwa uzee na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikunje mara kumi, kikitoa chenga usichukue. Pima unyayo wa mtoto kwa kijiti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, uongeze sentimita moja. Na hapa wale wa mtumba nao huvuka mpaka: wapo wanaofunga viatu vyeusi vya shule kwenye karatasi ya maua na kuviita zawadi. Mtoto hadanganyiki. Hivyo ni vya Januari, vihesabiwe huko.

Muda ndio wenye akiba kubwa kuliko zote. Oktoba belo likifunguliwa wanunuzi wa midoli ni wachache, na muuzaji anakubali kuuza vitatu kwa bei moja. Baada ya tarehe 15 Desemba meza ileile ina watu safu mbili na hakuna anayepunguza. Ukinunua kimoja kila mwezi tangu Septemba unapata pia nafasi ya kutafuta kipande kilichopungua, au kumpelekea fundi baiskeli kazi akiwa hana haraka.

Linabaki suala la yule wa miaka tisa anayejua kila kitu. Kumficha hakufai, atagundua kwa jina la mtoto wa kizungu lililoandikwa kwa kalamu chini ya treni. Aende sokoni mwenyewe na elfu kumi mkononi, afungue vifuniko, azungushe magurudumu, achague. Akirudi na kitu kilichokatika waya, amekosea yeye, na bisibisi ipo.