"Mikrobi haiui Mwafrika": tumbo, chavua na msemo wetu

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, andazi likianguka chini huokotwa, hupulizwa na kuliwa: "mikrobi haiui Mwafrika". Siku hizi msemo huu umepata watetezi wanaotaja sayansi. Wanadai Wazungu hupiga chafya msimu wa maua kwa sababu ni wasafi kupita kiasi, na sisi tunalindwa na uchafu. Dai hilo lina kweli ndani yake, na pia lina hatari.

Mwaka 1989, David Strachan wa London alichunguza taarifa za Waingereza zaidi ya 17,000 akaona kwamba aliyezaliwa nyuma ya ndugu wengi hapati sana mafua ya chavua, yaani unga wa maua; akadhani ndugu humwambukiza vijidudu mapema. Baadaye watafiti wakageukia tumbo. Chavua haina madhara, kinga ya mwili inatakiwa iiache ipite. Kwa mwenye aleji, mwili huitengenezea kingamwili za IgE, na chavua ikirudi histamini, kemikali ya mwili yenyewe, humwagika: macho yanawasha, pua inatiririka. Kuna seli za kinga, aina ya seli za T, ambazo kazi yake ni kutuliza pupa hiyo. Bakteria wa utumbo mpana wanapochachusha nyuzinyuzi za maharage au sombe (majani ya muhogo) hutoa asidi iitwayo butireti, na mwaka 2013 majaribio ya panya yalionyesha kuwa butireti huongeza seli hizo.

Lakini panya si binadamu. Vidonge vya bakteria vimejaribiwa kwa wenye mafua ya chavua, na matokeo yanapishana. Denmark walifika mbali zaidi: waliwapa wagonjwa wa chavua ya nyasi mayai ya minyoo ya nguruwe wakitumaini yatatuliza kinga, na mwaka 2010 wakatangaza kuwa hayakusaidia. Tiba inayojulikana kuzoesha mwili ni chavua yenyewe kwa dozi ndogo ndogo, njia aliyoianzisha Leonard Noon mwaka 1911.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya bakteria na uchafu. Bakteria wanaolea kinga ya mtoto ni wale anaowapata kwa mama yake anapozaliwa na anaponyonya, kisha kwa udongo na mifugo. Kipindupindu hakimo katika kundi hilo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 walikufa katika eneo hili letu ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kuhara. Aliyeona miili ile imezungushiwa mikeka kando ya barabara hawezi kurudia msemo huo. Maji safi na sabuni havina mjadala.

Mimi naona hatari kwa bakteria wetu wema iko kwenye duka la dawa. Mtoto ana mafua, mama anauziwa vidonge vinne vya amoksisilini vilivyokatwa kwenye pakiti, bila cheti cha daktari. Mafua hayo aghalabu ni ya virusi, dawa hiyo haiyagusi. Inachofyeka ni bakteria wa tumbo. Tafiti kadhaa zimekuta aleji zaidi kwa watoto waliopewa antibiotiki mapema. Wanaopinga wanakumbusha, na wana haki, kwamba huenda watoto hao walipewa dawa kwa sababu vifua vyao vilishaanza kubana, yaani aleji ilitangulia dawa. Hata hivyo, kwa mafua ya kawaida vidonge vile vinne havina kazi, na hilo halihitaji kusubiri utafiti mwingine.