Maneno ya Kiarabu yafundishwe kwa mizizi yake

Hapa Tabora ubishi huu hauishi: wengine wanashikilia kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu, wengine wanataka maneno ya Kiarabu yang'olewe yote. Siungi mkono upande wowote.

Tazama kitabu. Kiarabu ni kitab, mzizi wake ni konsonanti tatu, k-t-b, na wingi wake kutub. Ile k ni ya mzizi, si kiambishi. Lakini masikio yetu yalishazoea kiti na kisu, basi tukasema vitabu, na hakuna Mwarabu aliyewahi kutufundisha hivyo. Mwalimu naye alikuja kama mu'allim, tukamtia kwenye ngeli ya mtu na watu, wakawa walimu. Nyerere alisoma mjini kwetu, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's. Ingefaa watoto wa mji huu wajue kwamba jina lake la heshima lina ndugu: elimu, taaluma, mtaalamu.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyofundisha. Mwanafunzi anapewa orodha ya maneno ya mkopo, anaikariri, anaimwaga kwenye mtihani, basi. Hakuna anayemwonyesha kwamba hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ukoo mmoja wa h-k-m. Wala kwamba "ma" ya mahakama si ya wingi kama ya matunda. Ni ya mahali, sawa na ya madrasa na maktaba.

Tena si kila neno lililotoka ng'ambo ni la Kiarabu. Serikali asili yake ni Kiajemi. Gereza ni Kireno, kutoka igreja, yaani kanisa!

Burton, mvumbuzi Mwingereza, alipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857 aliwakuta wafanyabiashara Waarabu, ndiyo. Ila Wanyamwezi walikuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi tangu zamani, na mimi naamini maneno mengi yalifika huku vinywani mwao, yakiwa yameshavaa viambishi vya Kibantu. Ndiyo maana sikubali kuitwa mwazimaji. Safari na kusafiri vilitoka Kiarabu. Lakini kusafirisha na usafirishaji tumevizalisha kwa vinyambulishi vyetu.

Walimu wa Kiswahili, nawaomba: wekeni kando ile orodha kwa kipindi kimoja cha dakika 40, mwandike h-k-m ubaoni, mwaachie wanafunzi watafute maneno wenyewe.