Waya mmoja tu, eti!

Jamani, nani aliwadanganya mafundi wetu kwamba kuunganisha mitandao ya ofisi mbili ni kuchomeka waya kutoka ruta hii (kile kisanduku kinachogawa intaneti ofisini) hadi ile? Sisi na wahasibu wa ghorofa ya juu tulitaka kutumia mafaili na printa kwa pamoja. Fundi kaja, kachomeka, kalipwa chake, kaondoka. Muda si mrefu printa haionekani, kompyuta kadhaa hazina intaneti.

Sababu? Ruta zote mbili zina anwani (namba ya kutambulika mtandaoni) ileile iliyowekwa kiwandani, 192.168.1.1, na zote zinagawa anwani kwa kompyuta bila kujuana. Mtaa mmoja, nyumba mbili namba 12. Bodaboda apeleke wapi mzigo? Na si kwamba anwani za ndani, za mitandao binafsi kama yetu, ni adimu: tangu miaka ya 1990 zimetengwa karibu milioni 18. Milioni 18! Fundi kang'ang'ania hiyohiyo.

Ofisi moja ingehamishiwa anwani zinazoanza na 192.168.20, kisha kila ruta ioneshwe njia ya kufikia mwenzake. Basi.

Bosi anauliza kwa nini tusitumie flashi. Tunatumia, bosi. Virusi navyo vinapanda na kushuka ngazi.