Nimeuliza Wi-Fi, nimeletewa ugomvi

Jamani, hii tabia inaniudhi! Jumamosi nilikuwa hapa Majengo, Moshi, na laptop kuukuu ya mpwa wangu: RAM GB 4, kibodi imeng'oka herufi M. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025, nikaona nimwekee Linux Mint, mfumo wa kompyuta wa bure badala ya Windows, ile yenye desktop (muonekano wa skrini) ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Ikawaka vizuri, ila Wi-Fi haionekani. Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp.

Nani alijibu swali? Huyu anasema Xfce ni ya kizamani, weka KDE. Yule anasema GNOME, nazo ni desktop nyingine za Linux. Wa tatu anamwita mwenzake mshamba. Ubishi wa KDE na GNOME upo tangu miaka ya 1990, na mtoto anasubiri kusoma! Meseji zaidi ya tisini, hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kadi gani ya Wi-Fi.

Kijana mmoja wa Arusha akanifuata inboksi: chomeka simu kwa waya wa USB, ishee intaneti, kisha pakua draiva, yaani programu ya kuiwezesha kadi ya Wi-Fi kufanya kazi. Dakika kumi, Wi-Fi hiyo. Nikamuuliza mbona hukuandika kwenye kundi? Akasema aliogopa kutukanwa.