Karatasi Zetu za Kidato cha Nne Ziko Wapi?

Juzi binti yangu alikaa mezani na kompyuta yake, akafungua majibu yake ya mtihani wa kumaliza sekondari wa hapa Finland. Matokeo yalikuwa yameshatoka. Alichokuwa anakitazama ni kazi yake mwenyewe, swali kwa swali, pamoja na pointi alizopewa. Pembeni akafungua maelezo ambayo bodi yao ya mitihani huyaweka hadharani kwa kila somo, yanayoeleza jibu zuri lilitakiwa liwe na nini. Swali moja la hisabati aliona mwenyewe kwamba aliruka hatua. Lingine akasema ameonewa, akaanza kusoma utaratibu wa kuomba lisahihishwe upya. Alikuwa anaongea kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejua ana haki ya kuuliza.

Nami nikajiuliza, na sasa nawauliza ninyi: nani kati yetu Watanzania aliyewahi kuiona tena karatasi yake ya kidato cha nne? Ya darasa la saba je? Tuliandika, msimamizi akakusanya, bahasha zikafungwa, zikaondoka na askari mwenye bunduki. Miezi ikapita, ikarudi herufi. C. D. F. Miaka minne ya mtoto, na hakuna mstari hata mmoja wa kumwambia alikosea wapi.

Najua yanayokuja. "Huyo ameshakuwa Mzungu, ameanza kutufundisha." Ndugu zangu, mimi ni zao la mitihani hiyo hiyo. Nilikesha na mitihani ya miaka iliyopita, nikakaa kambi, nikaandika moko, ile mitihani ya majaribio, hadi vidole vikafa ganzi. Cheti changu cha NECTA, baraza letu la mitihani la taifa, ndicho kilichonifikisha huku, na sijawahi kukionea haya. Nchi yetu ilijitoa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na miaka miwili baadaye ikawa na baraza lake yenyewe kwa sheria. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kazi za mwanafunzi za siku zote zihesabiwe, asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Tulikuwa tunayafikiria haya mambo kabla mataifa mengi hayajayafikiria. Hata usahihishaji wetu una busara yake: walimu wanakaa pamoja, kila mmoja na swali lake, karatasi inapita mikono mingi, hakuna mtu mmoja anayeshika hatima ya mtoto mzima. Hilo nalitetea popote.

Tena NECTA wenyewe hutoa vitabu vya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, na ndani yake wanabandika vipande vya majibu mazuri na mabaya kutoka kwenye karatasi halisi. Ni kazi nzuri sana. Mwalimu asiyevisoma anajinyima. Lakini ndiyo maana nakasirika zaidi! Kumbe karatasi zinafunguliwa, zinachambuliwa, zinanukuliwa, na mwalimu wa mkoa mwingine anaweza kusoma kosa la mtoto fulani asiyetajwa jina, isipokuwa mtoto mwenyewe hajui kwamba kosa lile ni lake.

Kuna wanaodhani nataka mitihani ifutwe. Hapana, naipenda. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo mtihani unafundisha, si kupima tu. Sasa mtihani mkubwa kuliko yote nchini, ambao mtoto ameuandalia nguvu zake zote, tunaukatisha palepale ambapo ungeanza kumfundisha.

Na herufi peke yake haifundishi. Ruth Butler alilionyesha hilo kwa watoto wa shule huko Israel, utafiti uliochapishwa mwaka 1988. Kundi moja lilirudishiwa kazi na alama tu, jingine maoni tu, jingine alama na maoni pamoja. Waliopata maoni tu ndio waliosonga mbele na kubaki na hamu ya kazi. Waliopewa vyote viwili hawakuwazidi waliopewa alama tu, kana kwamba alama iliyafuta yale maoni. Nikisoma utafiti ule naona madarasa yetu. Mtoto anarudi na ripoti: wa 43 kati ya 88. Sote tunauliza "amekuwa wa ngapi?" Hakuna anayeuliza hajaelewa nini.

Cha kuuma ni kwamba jambo hili tunalijua. Kila mwalimu wa msingi wa kwetu, hata mwenye watoto mia darasani, akishaweka alama ya kosa kwenye daftari anasema: andika masahihisho. Tuliandika masahihisho ya hesabu, ya imla, ya Kiingereza, na usipoandika unaipata. Mtihani wa taifa ndio pekee usio na masahihisho.

Halafu kuna suala la haki. Mwaka 1913 Wamarekani Daniel Starch na Edward Elliott walitawanya nakala za karatasi moja ya jiometri kwa walimu wengi waisahihishe. Jiometri, ndugu zangu, somo tunaloambiwa halina ubishi! Alama zikarudi kuanzia 28 hadi 92. Karatasi ileile. Taratibu zimeboreshwa sana tangu wakati huo, lakini msahihishaji bado ni binadamu, anachoka, anaruka ukurasa. Na tusijifanye tumesahau matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Yalitangazwa Februari 2013, asilimia kama 60 ya watahiniwa wakapata sifuri, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume, Mei serikali ikayafuta na yakapangwa upya. Wapo waliolala na sifuri wakaamka na daraja, na walichoandika kilikuwa kilekile. Vijana wale leo ni watu wazima. Walistahili kuoneshwa karatasi zao.

Mtu ataniambia Finland ina watu wachache na pesa nyingi, tangu 2019 mtihani wao wote unafanyika kwenye kompyuta, sisi watahiniwa wa kidato cha nne peke yao wamepita laki tano. Sawa. Tuiache Finland. Twende India, ambako bodi moja tu ya taifa ina watahiniwa wanaohesabika kwa mamilioni, na wanaandika kwa kalamu kwenye karatasi kama sisi. Agosti 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtahiniwa ana haki ya kuikagua karatasi yake iliyosahihishwa. Bodi ilipinga kwa sababu hizihizi mnazoniletea: wingi, gharama, siri. Mahakama haikukubali. Leo mwanafunzi wa huko anaomba nakala, analipia, anaipata.

Na siri yenyewe nieleweshwe. Kabla ya mtihani, siri ni uhai wa mtihani, yeyote anayeuza pepa anastahili sheria imshukie. Baada ya matokeo kutoka, siri tunamfichia nani? Mtoto aliyeyaandika majibu hayo?

"Mbona hao Wafini wako wameporomoka?" Kweli, wameporomoka. Kwenye PISA, upimaji wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, hisabati yao ilikuwa pointi 548 mwaka 2006, ikafika 484 mwaka 2022, na wenyewe wanalia usiku na mchana. Wala sikusema wamefika mbinguni. Kuna mambo ya shule za hapa yananichosha, na nidhamu ya darasa la kwetu naikumbuka kwa heshima. Nimezungumzia kitu kimoja, kurudi kwa karatasi, na kwa hicho kimoja wametuzidi.

Kwa kuanzia sidai karatasi zote laki tano zirudi. Rufaa ipo tayari: asiyeridhika analipia, karatasi inatazamwa tena, anajibiwa kama alama imebadilika au la. Basi jibu hilo liambatane na nakala ya karatasi yenyewe na mwongozo wa usahihishaji wa mwaka huo. Karatasi itakuwa imeshatolewa stoo, mtu ameshaishika mkononi, na ada imeshalipwa. Anayesema hata hilo haliwezekani, aje atueleze kwa nini.